Tuta la lambo letu linatoa maji upande wa nje: nianzie wapi?

BintiMfugaji

Habari zenu nyote, na kwa wakubwa shikamooni.

Familia yetu ina lambo moja la udongo katika wilaya ya Chemba, mkoani Dodoma, kwenye korongo linalopeleka maji yake mto Bubu. Marehemu baba alilijenga kwa katapila la kukodi zaidi ya miaka 30 iliyopita, na tangu alipofariki mimi ndiye ninayelisimamia kwa niaba ya mama na wadogo zangu. Linanywesha ng'ombe wetu na wa majirani, linamwagilia bustani ya nyanya na vitunguu, na kwa miaka miwili sasa tumepandikiza perege ndani yake.

Tuta lina urefu wa mita 130 hivi, na katikati kimo chake ni kama mita 5 na nusu. Maji yakijaa, kina cha juu kabisa ni mita 4 hivi, na yanarudi nyuma kwenye korongo hadi umbali wa mita 250. Upande wa kushoto kuna utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada lambo likijaa, wenye upana wa mita 6, ambao baba aliuchimba kwenye ardhi ngumu ya asili. Mwaka jana, kwa kuwa kiangazi kilituumiza sana, tulipanga viroba vya mchanga kwenye mlango wa utoro huo, kimo cha nusu mita, ili maji mengi zaidi yabaki ndani, kisha tukafunga wavu juu yake ili samaki wasitoroke.

Sasa mvua zimepumzika kidogo, kama kawaida yake mwezi wa Februari, nami nimegundua kwamba upande wa nje wa tuta, chini kabisa karibu na pale linapotokea bomba la chuma la maji ya bustani linalopita ndani ya tuta, pana eneo la chepechepe lenye ukubwa wa chumba kidogo, nyasi zake ni za kijani kuliko kwingine, na kuna mahali maji yanachuruzika kwa uzi mwembamba. Fundi mmoja wa ujenzi amenishauri nipazibe kwa saruji au nijaze udongo wa mfinyanzi na kuushindilia. Chini ya lambo, kama nusu kilomita hivi, kuna kaya saba na njia wanayopita watoto wakienda shule, na kwa kweli tangu nilipouona unyevu ule silali vizuri. Naomba ushauri wa mwenye ujuzi: je, nipazibe?

FundiTuta

Marahaba, binti yangu, na pole kwa msiba wa mzee. Nilifanya kazi ya mabwawa ya mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu kidogo.

Usipazibe. Karibu kila tuta la udongo hupitisha maji kiasi, na maji yaliyokwisha kuingia ndani ya tuta lazima yapate pa kutokea. Ukiyafungia mlango kwa saruji au mfinyanzi upande wa nje, yatajikusanya ndani, udongo utalowa hadi juu zaidi, na upande ule wa nje unaweza kuporomoka wote kwa pamoja, au maji yatatafuta njia nyingine usiyoiona. Kazi ya kuziba hufanywa upande wa maji. Upande wa nje kazi yetu ni kuyaruhusu maji yatoke huku tukiuzuia udongo usitoke nayo.

Hapo ndipo lilipo swali lenyewe: je, maji yale yanatoka na udongo? Chimba kijishimo kidogo mbele ya ule uzi wa maji, nje ya tuta na si ndani yake, kinga maji kwenye chupa nyeupe ya plastiki, uiache usiku kucha kisha utazame chini. Ikiwa maji ni maangavu na chupa haina mashapo, una muda wa kufanya kazi kwa utaratibu. Ikiwa yana ukungu au yameacha tope chini, basi yanabeba tuta lako kidogo kidogo kutoka ndani, na hiyo ni hatari ya kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Pima pia wingi wake: weka ndoo ya lita 10, hesabu sekunde za kujaa, na uandike kwenye daftari pamoja na kimo cha maji ya lambo siku hiyo. Kuvuja kunakoongezeka ilhali maji ya lambo yako palepale ni dalili mbaya kuliko kuvuja kwingi kusikobadilika.

Bomba la chuma linanitia wasiwasi zaidi kuliko unyevu wenyewe. Kwa miaka 30 huenda limeliwa na kutu, na ni vigumu sana kuushindilia udongo vizuri chini ya tumbo la bomba, hivyo maji hupenda kusafiri kandokando yake. Angalia kama yanatoka ndani ya bomba au pembeni mwake. Yakitoka pembeni, zungushia pale mahali tabaka la mchanga mkubwa safi wa mtoni, kisha kokoto, kisha mawe, kwa mpangilio huo huo, ili maji yapite na udongo ubaki.

Lakini, binti yangu, hatari iliyo kubwa kuliko zote umeitaja kwa kupita tu: viroba na wavu kwenye utoro. Naomba uviondoe kesho, usingoje hata majibu ya chupa.

Nitakuonyesha kwa hesabu. Tuseme kutoka sakafu ya utoro hadi juu ya tuta ni mita 1.1. Utoro wa mita 6 ulio wazi, maji yakikaribia kufika juu ya tuta, unaweza kupitisha kama mita za ujazo 12 kwa sekunde. Ukipandisha sakafu kwa nusu mita, unabaki na nafasi ya sentimita 60 tu, na uwezo wa utoro unashuka hadi chini ya mita za ujazo 5. Umepunguza nusu mita ya kina lakini umepoteza zaidi ya nusu ya njia ya maji, kwa sababu uwezo wa utoro hupungua haraka kuliko kina chake. Na hapo sijauhesabu wavu, ambao mafuriko ya kwanza yataujaza majani, miiba na mabua ya mtama hadi uwe ukuta.

Sasa tazama upande wa maji yanayoingia. Kama eneo linalokusanyia maji lambo lako ni kilomita 2 za mraba, nalo ni dogo kwa makorongo ya huko, mvua ya milimita 50 kwa saa moja, ambayo Dodoma si ajabu, huku sehemu 4 kati ya 10 za maji hayo zikitiririka badala ya kunyonywa na ardhi, inakuletea mita za ujazo 40,000. Lambo lako, kwa kanuni tunayotumia ya urefu mara umbali wa kurudi nyuma mara kina, gawanya kwa 6, linabeba takribani 21,600. Maana yake mvua ya saa moja inaweza kulijaza karibu mara mbili, na kwa wastani wa saa hiyo ni mita za ujazo 11 kwa sekunde zinazotafuta pa kupita. Utoro wa baba yako, ulio wazi, ungeweza kuzipitisha kwa shida. Ule wenye viroba hauwezi. Maji yatapita juu ya tuta, na tuta la udongo likimwagikiwa juu huanza kuliwa kutoka upande wa nje kurudi ndani, na kazi hiyo huchukua saa chache tu.

Nipatie vitu vitatu: matokeo ya chupa, kimo halisi cha juu ya tuta kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukilinganisha na sakafu ya utoro, na hali ya koki ya bomba, kama inafunguka au imeganda.

Mkulima wa Laikipia

Nawasalimu kutoka Kenya. Huku kwetu lambo twaliita silanga, nami ninalo langu, dogo kuliko la dada. Ningependa kuunga mkono neno la mzee kuhusu utoro, kwa kuwa sisi Kenya tumeyaona haya kwa machozi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki nyingi za mvua, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka huko Solai, kaunti ya Nakuru, na watu wasiopungua 47 wakafa, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamelala au wanajiandaa kulala kwenye nyumba zilizokuwa chini yake. Miaka sita baadaye, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, kule Mai Mahiu, hapakuwa na bwawa lolote lililojengwa: takataka za mafuriko zilikuwa zimeziba njia ya maji chini ya tuta la reli, maji yakajikusanya nyuma yake, na yalipojifungulia njia yakaua zaidi ya watu 40. Dada, fikiria wavu wako ukiwa umejaa mabua.

Kuhusu samaki, najua ni uchungu kuwaona wakienda na maji, maana mimi pia hufuga. Nilichofanya ni kuvua wakubwa kabla ya mvua nzito na kuwahamisha wachanga kwenye kidimbwi cha pembeni. Kila msimu hupoteza baadhi, na nimekubali hivyo.

Jambo jingine ambalo sijaona likitajwa ni wanyama na miti. Tuta langu lilitobolewa na mhanga aliyekuwa akifuata mchwa. Shimo lilikuwa na upana wa debe na liliingia zaidi ya mita moja ndani, nami sikuliona kwa miezi kadhaa kwa sababu nilikuwa nimeacha vichaka viote, nikiamini kwamba mizizi hushika udongo. Nyasi fupi kama ukoka ndizo zinazofaa, kwa kuwa zinashika uso wa udongo na bado zinakuachia nafasi ya kuona. Mti, hasa mgunga au mkaratusi, hupeleka mizizi mbali ndani ya tuta, na ukifa mizizi huoza na kuacha mabomba matupu. Miche midogo ing'oe na mizizi yake, ujaze na kushindilia pale ilipotoka. Kama kuna mti mkubwa wa miaka mingi, usiukate hovyo kwa msumeno na kuondoka zako, maana kisiki kitaozea mle ndani. Huo unahitaji mtaalamu aupangie utaratibu, na maji yakiwa yameshushwa.

Na ng'ombe wasipande tuta kabisa. Kwato zao huchonga njia, njia huwa mfereji.

WakiliKijana

Shikamoo mzee, na dada pole. Nitazungumzia upande mmoja tu ambao wamiliki wengi wa malambo huusahau.

Kwa Tanzania, ujenzi wa bwawa na matumizi ya maji yake yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, na bodi za maji za mabonde ndizo zinazotoa vibali. Kwa kuwa korongo lenu linaingia mto Bubu, mnahusika na Bodi ya Maji Bonde la Kati, ambayo ofisi yake iko Singida. Kama baba hakuwahi kupata kibali, au kibali bado kiko kwa jina lake, nakushauri uende ukiwa na vipimo ulivyovitaja hapa na ueleze hali ilivyo, kabla tatizo halijakufuata wewe. Omba pia wakuelekeze kwa mhandisi anayetambuliwa kwa ukaguzi wa mabwawa.

La pili ni dhamana yako kwa walio chini ya lambo. Kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1868, ambayo msingi wake unafundishwa na kutumika katika nchi zetu zilizopokea sheria za Kiingereza, ilihusu bwawa la mtu binafsi hasa. Mwenye kiwanda aliwapa wakandarasi kazi ya kujenga bwawa, hawakuziba vishimo vya migodi ya zamani vilivyokuwa chini yake, na maji yakapenya hadi kwenye mgodi wa jirani. Mwenye bwawa hakuwa na kosa la uzembe yeye mwenyewe, hata hivyo mahakama ilimwona anawajibika, kwa kuwa ndiye aliyekusanya kwenye ardhi yake kitu ambacho kikitoroka kitadhuru. Kwa lambo lenu, kisingizio kwamba fundi ndiye aliyeshauri viroba hakitakufikisha mbali.

Kwa hiyo daftari alilolitaja mzee lina kazi mbili. Andika tarehe, ulichokiona na ulichokifanya, na piga picha.

BintiMfugaji

Nawashukuru nyote kutoka moyoni. Nimekaa kule siku tatu na nimerudi na majibu.

Viroba na wavu tumeviondoa asubuhi ile ile, mdogo wangu na vijana wawili wa jirani walinisaidia. Maji ya juu yalitoka kwa siku nzima bila kuleta madhara. Nyuma ya wavu tulikuta tayari kuna rundo la matawi kimo cha goti, na mvua kubwa ya msimu huu bado haijafika.

Chupa nimeiacha usiku mara mbili. Maji ni maangavu, hakuna mashapo. Ndoo ya lita 10 inajaa kwa dakika 4 na sekunde chache, na siku ya tatu, baada ya maji ya lambo kushuka, ilichukua karibu dakika 5. Yanatokea pembeni mwa bomba, si ndani yake. Koki imeganda kabisa, na niliogopa kuilazimisha.

Kimo cha tuta tulikipima kwa mpira wa uwazi uliojazwa maji, kama mafundi wa nyumba wanavyofanya. Pembeni ni mita 1.1 juu ya sakafu ya utoro, kama mzee alivyokisia. Lakini katikati, pale ng'ombe walipozoea kuvuka, ni sentimita 80 tu. Sikuwahi kujua, kwa macho tuta linaonekana limenyooka.

Naomba kuuliza mawili. Je, nishushe maji zaidi, na kwa njia gani ikiwa koki haifunguki? Na lile bonde la katikati nilijaze lini?

FundiTuta

Umefanya kazi nzuri, na ulifanya vyema kutoilazimisha koki: bomba la zamani likivunjika ndani ya tuta huku lambo limejaa, huna namna ya kulizuia.

Kipimo chako cha katikati ndicho kinachohesabika, kwa kuwa maji hayaangalii wastani wa tuta, yanapita palipo chini kuliko kwingine. Wakati viroba vilipokuwapo, nafasi yako ya kweli ilikuwa sentimita 30, na utoro ungepitisha chini ya mita 2 za ujazo kwa sekunde kabla maji hayajaanza kumwagika pale katikati, ambapo kimo cha tuta kutoka chini ya korongo ni kikubwa kuliko kwingine na maporomoko yangekuwa makali zaidi. Hata sasa, ukiwa wazi, unapitisha kama mita za ujazo 7 tu badala ya 12. Kwa hiyo ndiyo, shusha maji, na jaza bonde hilo mwezi huu.

Kushusha, tumia mpira wa kunyonya unaopita juu ya tuta. Chukua bomba la plastiki gumu la milimita 110, mwisho mmoja uwe ndani ya maji ukiwa na chujio, mwisho wa pili ushuke upande wa nje hadi kwenye korongo, mbali na mguu wa tuta, na uutandikie mawe pale maji yanapoangukia. Lijaze maji ncha zote zikiwa zimefungwa, kisha zifungue, ya chini ikiwa ya mwisho. Kwa lambo la ukubwa wako, bomba moja litashusha karibu sentimita 10 kwa siku, na mwendo huo unafaa, kwa sababu maji yakishuka kwa haraka mno, upande wa ndani wa tuta hubaki umelowa bila maji ya kuuegemeza na unaweza kuteleza. Ukishusha mita moja kwanza, utakuwa umepata nafasi ya kupokea mvua moja nzito huku ukingoja mhandisi.

Kujaza katikati, kwangua kwanza nyasi na udongo wa juu, chimbua kidogo ili udongo mpya ushikane na wa zamani, kisha weka tabaka za sentimita 15, kila moja ikiwa na unyevu kiasi cha udongo kushikamana ukiukamata kiganjani bila kutoa maji, na shindilia kabla ya kuweka tabaka jingine. Malizia juu kidogo ya kimo cha pembeni, maana udongo utatulia na kushuka. Kabla ya kuchagua udongo, dondosha donge dogo lililokauka kwenye glasi ya maji ya mvua bila kuligusa. Likimomonyoka na kutua chini, sawa. Likitoa ukungu unaosambaa kama maziwa, udongo huo huyeyukia majini wenyewe, utafute mwingine.

Bomba lenyewe halitengenezeki maji yakiwamo. Panga kiangazi kijacho, lambo likiwa chini kabisa, mhandisi aamue kama litolewe au lijazwe zege na kuachwa, na maji ya bustani yachotwe kwa njia nyingine. Hadi wakati huo, tabaka zako za mchanga, kokoto na mawe ziwepo pale mguuni mwa tuta, na ndoo ipimwe kila wiki, na kila siku mvua zikirudi.

Kuna historia moja niliyozoea kuwasimulia vijana kazini. Bwawa la South Fork, huko Pennsylvania, Marekani, lilikuwa la udongo na lilimilikiwa na klabu ya matajiri wa uvuvi na uwindaji. Mabomba ya chini yalikuwa yameng'olewa na hayakurudishwa, juu ya tuta paliteremshwa ili magari ya farasi yapishane, na kwenye utoro wakaweka vyuma vya kuwazuia samaki wasitoke. Tarehe 31 Mei 1889, mvua kubwa iliponyesha, takataka zilijikusanya kwenye vyuma vile, maji yakapita juu ya tuta, na zaidi ya watu 2,200 wakafa katika mji wa Johnstown na vijiji vilivyokuwa juu yake. Lambo lako ni dogo mno ukililinganisha na lile, lakini bomba lililoganda, bonde la katikati na wavu wa samaki ni mambo yale yale matatu.

BintiMfugaji

Mzee, nimeisoma hiyo historia kwa sauti mbele ya mama na wadogo zangu. Bomba la milimita 110 limepatikana, kesho tunaanza. Jioni nimezipitia zile kaya saba pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, tukakubaliana kwamba usiku wa mvua kubwa mdogo wangu atakaa karibu na tuta akiwa na tochi, simu na filimbi, na kwamba wakisikia filimbi mfululizo wasingoje kuuliza, wapande upande wa kanisani. Kuna mzee mmoja asiyeona ambaye hawezi kukimbia, naye tumepanga ahamie kwa binti yake hadi mwisho wa Aprili.

Safari ya Singida ni Jumatatu.

FundiTuta

Filimbi ipulizwe maji yakiwa bado sentimita 30 kufika juu ya tuta, msingoje yafike. Kata mti, uuchore alama ya rangi nyekundu kwa kimo hicho, uusimike ndani ya maji karibu na utoro, mahali ambapo tochi inafika.

Na ukienda Singida, beba chupa, daftari na picha.